Namna ya kuhudumia jeraha la ngozi ili kinga ya mwili ifanye kazi yake

Hakuna dawa ya kupaka inayofunga jeraha. Malhamu, poda na maji ya dawa huweza kusaidia au kuharibu, lakini ngozi iliyokatika hufungwa na mwili wenyewe, na walio mstari wa mbele katika kazi hiyo ni chembe za kinga, zile zile zinazotulinda dhidi ya maradhi. Kwa hiyo anayetaka kuhudumia jeraha vizuri anapaswa kujua chembe hizo zimefikia wapi katika kazi yao, siku ya kwanza, ya tatu na ya kumi, ili mkono wake usije ukabomoa kilichokwisha kujengwa. Maelezo haya yanahusu majeraha yanayoweza kutunzwa nyumbani, yaani mikato midogo, michubuko na malengelenge yaliyopasuka.

Jambo la kwanza ni kuzuia damu. Weka kitambaa safi juu ya jeraha na ukandamize kwa dakika 10 mfululizo, bila kukiinua ili kuchungulia kama damu imekoma. Katika dakika hizo chembe sahani, yaani chembe ndogo za damu zinazoanzisha kuganda, zinashikamana penye mishipa iliyokatika, na nyuzi za fibrini, protini ya kugandisha damu, zinajisuka kati yake hadi donge linakuwa imara. Ukiinua kitambaa mapema unazing'oa nyuzi hizo na kazi inaanza upya. Donge hilo lina kazi nyingine isiyoonekana, nayo ni kupiga mbiu: chembe sahani humwaga kemikali zinazoenea kwenye tishu za jirani na kuziita chembe nyeupe kutoka kwenye damu. Damu ikikataa kukoma, ikiruka kwa mapigo, au kingo za jeraha zikiwa zimeachana kiasi cha kuonyesha mafuta ya chini ya ngozi, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda likahitaji kushonwa.

Damu ikishakoma, nawa mikono kwa sabuni, kisha osha jeraha kwa maji safi yanayotiririka. Maji yanayofaa kunywewa yanatosha. Acha yapite juu ya jeraha kwa dakika kadhaa, tumia sabuni kwenye ngozi inayolizunguka, na utoe mchanga au nyuzi za nguo kwa kibano kilichosafishwa. Hatua hii ndiyo ninayoipa uzito kuliko zote, maana chembe nyeupe huweza kuwameza bakteria waliotawanyika, lakini kipande cha mti kilichobaki ndani ni kikubwa mno kumezwa, na bakteria hupata maficho humo. Kitu kilichozama sana kisichokolewe nyumbani. Kitolewe na mhudumu wa afya.

Spiriti, iodini kali na haidrojeni peroksaidi zisimiminwe ndani ya jeraha. Zinaua bakteria, ni kweli, lakini haziwezi kumtofautisha bakteria na chembe ya kinga iliyofika kumla. Daktari Alexander Fleming, kabla hajagundua penisilini mwaka 1928, aliliona jambo hili kwa askari waliojeruhiwa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia: kwenye majeraha yenye kina kirefu, dawa kali ziliziangamiza chembe nyeupe huku bakteria waliojificha pembeni wakisalia hai.

Ikiwa jeraha limetokana na kung'atwa na mnyama, lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha uende hospitali bila kuchelewa kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Kumbuka pia pepopunda. Kwa kawaida chanjo yake hurudiwa ikiwa ya mwisho ilipita zaidi ya miaka 10, au miaka 5 kama jeraha ni chafu au lina kina kirefu.

Ndani ya saa chache jeraha hugeuka jekundu, huwa na joto, huvimba na kuuma. Dalili hizi huwatia watu wengi hofu, na wengine hukimbilia antibiotiki, ilhali hapo ndipo kinga inapoanza kazi. Seli za masti, chembe za kinga zilizo ndani ya ngozi, zimetoa kemikali iitwayo histamini, mishipa midogo imepanuka na kuta zake zimelegea, na majimaji pamoja na chembe nyeupe yanapenya kuingia penye jeraha. Nyutrofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe, ndizo zinazotangulia, na huwa nyingi zaidi katika siku ya kwanza na ya pili; humeza bakteria, huwaua kwa kemikali zilizomo ndani yake, kisha nazo hufa. Wajibu wako katika siku hizo ni mdogo: inua kiungo kilichoumia, kipumzishe, tumia paracetamol kama maumivu yanakunyima usingizi, na usilikande jeraha wala kuliminya.

Baada ya siku mbili au tatu huwasili makrofaji, chembe kubwa ambazo kwa maoni yangu ndizo zinazostahili heshima kuliko zote katika habari hii. Aliyetufungulia macho juu ya chembe zinazomeza ni mwanasayansi Élie Metchnikoff, ambaye mwaka 1882, akiwa Messina nchini Italia, alichoma miiba ya waridi kwenye viluwiluwi vya kiti cha pweza, ambavyo mwili wavyo huonekana hadi ndani, na asubuhi yake akakuta chembe zimeuzingira mwiba. Mwaka 1908 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Makrofaji humeza nyutrofili zilizokufa na mabaki ya tishu, kisha hubadili tabia: zinaacha kuchochea uvimbe na kuanza kutoa kemikali zinazoamuru mishipa mipya ya damu ichipuke na seli za ujenzi zianze kutengeneza kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara. Mwaka 1975 watafiti Leibovich na Ross walionyesha kwamba wanyama wa maabara walioondolewa makrofaji walichelewa kupona, kwa kuwa uchafu haukufagiliwa na ujenzi nao ukakawia.

Ukifungua bandeji katika siku hizo, tazama kwa makini kabla ya kugusa. Chini ya jeraha unaweza kuona utando mwembamba wa rangi ya njano iliyofifia, unyevu, usio na harufu mbaya, umeshikamana na nyama. Wengi hudhani ni usaha na kuusugua hadi damu itoke. Mara nyingi huo ni mchanganyiko wa fibrini na mabaki ya chembe, na makrofaji ziko kazini kuuondoa. Suuza kwa maji bila kusugua. Siku chache baadaye patatokea nyama nyekundu yenye vichembechembe kama mbegu za stroberi. Ni laini, hutoka damu kwa urahisi, na ndiyo dalili njema unayoingojea.

Je, jeraha liachwe wazi likauke? Watu wengi bado wanaamini hivyo, lakini mtafiti George Winter alionyesha mwaka 1962, kwa majeraha ya nguruwe, kwamba jeraha lililotunzwa likiwa na unyevu hufunikwa na ngozi mpya kwa kasi inayokaribia mara mbili ya lile lililoachwa likauke. Seli za ngozi hutambaa kutoka kwenye kingo, na penye kigaga kikavu hulazimika kuchimba njia chini yake. Kwa hiyo paka tabaka jembamba la vaselini, funika kwa bandeji isiyogandamana na jeraha, na uibadilishe kila siku au mara tu inapolowa au kuchafuka. Ikiwa imeganda, ilowanishe kwanza hadi iachie yenyewe.

Tofauti kati ya uvimbe wa uponyaji na maambukizi iko katika mwelekeo wake. Uvimbe wa uponyaji hupungua kuanzia siku ya tatu hivi, maambukizi hupanda. Maumivu yakiongezeka badala ya kupungua, usaha mzito ukitoka, wekundu ukitanuka, au homa ikianza, mwone daktari. Na ukiona mstari mwekundu unaopanda kuelekea kwapani au kinenani, usingoje kesho. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani wazi, kwa hiyo pima joto kwa kugusa kwa mgongo wa kiganja, ukilinganisha na upande wa pili wa mwili, na utazame kama ngozi imekaza na kung'aa.

Chembe za kinga hutegemea hali ya mwili mzima. Sukari iliyopanda hudhoofisha nyutrofili, na mwenye kisukari hapaswi kulidharau jeraha lolote la mguu, hata lisilouma. Sigara hubana mishipa na kupunguza oksijeni, ambayo chembe hizo huihitaji ili kuua bakteria. Mwili unahitaji protini, na bila vitamini C kolajeni haishikani vizuri. Hata msongo wa mawazo una sehemu yake: utafiti wa Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa mwaka 1995 ulionyesha kwamba jeraha dogo la milimita 3.5 lilichukua takriban siku 9 zaidi kupona kwa wanawake waliokuwa wakiwauguza ndugu waliopoteza kumbukumbu, wakilinganishwa na wenzao wasiokuwa na mzigo huo. Anayetumia dawa za steroidi, ambazo hupunguza nguvu ya kinga, amweleze daktari kuhusu jeraha lake, na asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe.

Ngozi ikishafunga, kazi inaendelea chini yake kwa miezi, pengine kwa zaidi ya mwaka, kolajeni ya awali ikibadilishwa kwa iliyo imara zaidi. Katika wiki ya tatu sehemu hiyo ina takriban asilimia 20 tu ya nguvu ya ngozi ya kawaida, na hata baadaye haivuki asilimia 80 hivi, kwa hiyo usiivute wala kuibebesha mizigo mapema, na uikinge na jua kali. Jeraha ambalo halijafunga baada ya wiki 4 lichunguzwe na daktari. Kovu likizidi kunenepa na kuvuka mipaka ya jeraha la awali, mwone daktari wa ngozi mapema, kwani keloidi hutibika kwa urahisi zaidi ikiwa bado ndogo.