Kulea Sungura Waliookolewa Mtwara na Lindi, na la Kufanya Mmoja Akifa

Sungura anapoletwa kutoka kwenye mradi uliotelekezwa, usimwogeshe hata awe mchafu kiasi gani. Kulowa mwili mzima humtia mshtuko unaoweza kumuua. Mfute kwa kitambaa chenye unyevu, mkaushe, kisha mtenge na wenzake kwa siku 14. Mhudumie wa mwisho, na unawe mikono kwa sabuni. Ukimbeba, mkono mmoja upite chini ya kifua na mwingine ushike makalio. Akirusha mateke huku nyuma inaning'inia, uti wa mgongo unaweza kuvunjika.

Angalia ndani ya masikio. Ukoko mnene wa kahawia ni utitiri. Usiubandue, unauma sana. Afisa mifugo atamchoma sindano kwa kipimo cha uzito wake, na dawa ikifanya kazi ukoko utadondoka wenyewe. Jike aliyekaa na madume mhesabu ana mimba, ambayo huchukua siku 30 hadi 32, na mwekee sanduku lenye nyasi kavu. Akizaa utaona hakai na watoto. Hajawasusa: hunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, dakika chache.

Huku kwetu joto ndilo adui mkubwa, hasa kuanzia Novemba, linapokuja pamoja na unyevu. Nyuzi zikipita 30 sungura yuko hatarini. Banda la bati tupu juani halifai hata kidogo. Liweke chini ya mwembe, ezeka kwa makuti, na upande unaopata upepo wa bahari uweke wavu badala ya ukuta. Sakafu ikiwa ya wavu, tandika ubao wa kulalia, la sivyo nyayo zitachubuka na kuota vidonda. Miguu ya banda isimame ndani ya makopo yenye oili chafu, maana siafu humaliza sungura usiku mmoja. Mchana wa joto kali mpe chupa ya maji yaliyoganda, iliyofungwa kitambaa, aiegemee. Ukimkuta anahema mdomo wazi, mpeleke kivulini na umloweshe masikio kwa maji ya kawaida, si ya barafu, huku ukimpigia afisa mifugo.

Chakula chake kikuu ni nyasi: ukoka na majani mengine ya porini, yaliyonyauka au kukauka vizuri, yawepo mchana na usiku. Juu yake ongeza konzi ya matembele, mlonge au majani ya mbaazi. Kisamvu kibichi kina sumu. Majani ya nyanya na ya parachichi vilevile. Na jambo ambalo wengi hulisahau: msimu wa kupuliza dawa ya salfa, usikate nyasi chini ya mikorosho. Ugali, mkate na pumba nyingi huchachuka tumboni na kuleta gesi. Chakula kipya kiingize kidogo kidogo kwa siku saba.

Sungura huficha maumivu, kwa hiyo kila asubuhi soma kinyesi chake. Kizuri ni cha duara, kikavu, kadiri ya punje ya dengu. Kile laini, kilichoshikana kama kichala kidogo cha zabibu, hukila mwenyewe na ni sawa. Kikianza kuwa kidogo, kichache, au kukatika kabisa, utumbo unasimama. Asipokula kwa muda wa saa 12, usisubiri kesho. Kama tumbo halijavimba na kukaza, saga majani na maji, umpe kwa bomba la sindano (bila sindano yenyewe) mililita 5 hadi 10, taratibu, pembeni mwa mdomo. Likiwa limevimba na kukaza, usimlishe kitu; huyo ni wa daktari wa mifugo moja kwa moja. Vidonge vya amoxicillin vya nyumbani usimpe kamwe. Huua bakteria wazuri wa tumbo, akaharisha na kufa.

Pamoja na yote haya, wengine hufa. Anakuja na ugonjwa wa ndani ulioanza zamani, na malezi yako hayawezi kufuta miezi ya njaa.

Akifa, na hakuna dalili ya ugonjwa wa kuambukiza, mwache mwenzake akae na mwili saa mbili tatu kivulini. Atanusa, atausukuma, kisha atauacha. Anayeondolewa mwenzake ghafla huweza kumtafuta kwa siku kadhaa na kugoma kula, na huko kugoma ndiko kunakomuua. Mpime uzito kila siku mbili kwa wiki nzima, umpe majani anayoyapenda zaidi, na usikimbilie kumletea mwenza mpya.

Ukitaka kujua kilichomuua, funga mwili kwenye mfuko, uweke kwenye barafu bila kuugandisha, na mpigie afisa mifugo siku hiyo hiyo. TVLA, yaani Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, ina kituo Mtwara. Kama hapelekwi, usimle wala usimpe mbwa. Mchanga wetu wa pwani hufukuliwa kirahisi, hivyo chimba karibu mita moja, mbali na kisima, na uweke jiwe juu.

Watoto waambie "amekufa", si "amelala", na waache washiriki kumzika. Watakuja watu waseme ni sungura tu. Huna haja ya kubishana nao. Uliamka usiku kumlisha, na kulia ni haki yako. Aliyekukabidhi mwambie siku hiyo hiyo, kwa kinaga: lini aliacha kula, ulimpa nini. Majuto yakikukaba, fungua daftari ulimokuwa ukiandika kinyesi na chakula chake. Likionyesha kasoro, tuseme kivuli kilihama saa nane mchana, hamisha banda kabla ya kupokea mwingine. Lisipoonyesha, usijitungie kosa.

Banda likwangue kinyesi chote, kisha mwagia maji yanayochemka. Jiki peke yake haiui mayai ya vimelea vya kuhara. Lianike juani mpaka likauke kabisa, na ukiulizwa kama uko tayari kupokea mwingine wakati bado hujawa, sema bado.