Kabla Hujajenga Mnara Wako wa Taa: Mambo Niliyoyalipia Mwenyewe

Tangu tusimamishe mnara wetu wa taa kule Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, haipiti wiki mbili bila mtu kunipigia. Mmoja yuko Makambako, mwingine Tunduma, mwingine ni mwalimu wa Mafinga ambaye bahari ameiona kwenye kalenda tu. Wote wanaanza vilevile: "Kaka, na mimi nataka mnara wa taa." Siwacheki, maana ugonjwa wenyewe ninao. Ila nimechoka kurudia maneno yaleyale kwenye simu. Soma haya kwanza. Ukimaliza na bado unataka, piga.

Jiulize unapenda nini hasa. Mimi nimekulia Isyonje, ambako ukungu ukishuka jioni humwoni ng'ombe uliyemshika kamba. Baba akichelewa kutoka mnadani, mama alitundika chemli kwenye nguzo ya baraza, na sisi watoto tulikatazwa kuigusa hata kama tunasoma gizani. Miaka mingi baadaye nilipanda boti kutoka Dar kwenda Unguja, tukapita Kisiwa cha Chumbe, nikauona mnara ambao Waingereza waliujenga mwaka 1904 umesimama peke yake juu ya miti. Nilijua mara moja kwamba ni chemli ya mama, ila wamepata nguzo ndefu zaidi.

Wengine wanapenda historia: ule wa Iskanderia wa kale uliopita mita mia moja kwenda juu, au Mnara wa Hercules kule A Coruña, Hispania, walioujenga Warumi na ambao mpaka leo unawaka. Wengine wanapenda ufundi, na hao tunaelewana haraka. Mfaransa Augustin Fresnel alipanga vipande vya kioo duara ndani ya duara, vikakusanya mwanga uliokuwa ukipotea juu na chini na kuusukuma wote kuelekea baharini. Mwaka 1823 lenzi yake ikawashwa kwenye mnara wa Cordouan, na taa ya mafuta tu ikaanza kuonekana mbali kuliko moto wowote wa kuni. Kuna na wale wanaopenda upweke wa mtunza taa, kukaa juu na birika la chai mawimbi yakipiga chini. Hao nawaambia kazi yenyewe karibu imekwisha duniani. Uingereza, mnara wa mwisho kuondolewa watunzaji ulikuwa North Foreland, mwaka 1998. Kama ni upweke unautafuta, kodi chumba Kitulo mwezi wa saba. Baridi itakutosha na hutahitaji mkopo.

Mnara wa zamani hapa kwetu hununui. Minara ya pwani ni vifaa vya usalama wa meli, ni mali ya umma, haipigwi mnada. Hadithi unazozisikia za watu kununua minara zinatoka Marekani. Kule walipitisha sheria mwaka 2000: mnara ambao serikali haiuhitaji tena hutolewa kwanza bure kwa taasisi zitakazoutunza, zikikosekana ndipo unauzwa. Mwaka 2013 mnara wa Graves, nje ya bandari ya Boston, uliuzwa dola 933,888. Watu wanaona picha wanasema tajiri kapata nyumba. Kapata mwamba katikati ya maji, ambako mchanga, saruji na tangi la maji ya kunywa vyote vinakuja kwa boti, na taa yenyewe inabaki kuwa chombo cha mabaharia, si pambo lake. Tena minara ya zamani ina sumu zake. Rangi za enzi hizo zina madini ya risasi. Lenzi kubwa, zile za tani kadhaa, zilikuwa zinaelea kwenye beseni la zebaki ili zizunguke kwa kusukumwa kidogo tu, na mvuke wa zebaki si kitu cha kulala nacho chumba kimoja.

Kwa hiyo mtu wa Nyanda za Juu Kusini mwenye ndoto hii anabaki na njia moja: kujenga wa kwake, na ziwa lake ni Nyasa. Sisi tulikuwa wanne, mimi, shemeji yangu na wafanyakazi wenzangu wawili. Tulichanga miaka mitatu.

Ardhi: maliza na serikali ya kijiji kwa maandishi, muhtasari wa kikao uwe mkononi. Usijenge ndani ya mita 60 kutoka majini, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 iko wazi. Na hizo mita zipime masika, usipime Oktoba maji yakiwa yamerudi nyuma ukajidanganya. Ziwa hili lina miaka ya kushuka na miaka ya kupanda, muulize mzee yeyote wa pale atakuonyesha mti uliokuwa nchi kavu.

Msingi: usibanie. Henry Winstanley aliujenga mnara wa kwanza wa Eddystone, Uingereza, akajisifu kwamba angependa kuwemo ndani siku ya dhoruba kubwa kuliko zote. Novemba 1703 dhoruba ikaja, alikuwemo, asubuhi hapakuwa na mnara wala Winstanley. John Smeaton aliyejenga baadaye, mwaka 1759, alikata mawe yakashikana kama meno, na mwamba chini ya mnara wake ulichoka kabla mnara wenyewe haujachoka. Wewe una matofali ya kuchoma ya Tukuyu na fundi aliyezoea nyumba za pembe nne. Msimamie.

Umbo la duara: kitanda hakikai. Kabati halikai. Kila kitu kinaacha uwazi nyuma yake, na panya anaujua uwazi huo kabla yako.

Mvua: Matema iko Kyela kwenye mvua nyingi, si Iringa. Madirisha ya juu yazibwe vizuri, la sivyo ngazi inakuwa mto.

Sasa taa. Hapa kaa chini.

Tulimaliza kupaka rangi mwezi wa sita, mistari myekundu na myeupe, urefu wa mita tisa hivi, upande wa mashariki ambako mchanga unaisha na miamba ya milima ya Livingstone inaingia ziwani. Shemeji alikuwa amenunua sokoni Mwanjelwa, Mbeya, taa moja kubwa ya sola, zile za kumulika yadi za malori. Tukaifunga juu kabisa. Hakuna aliyeuliza kama inaruhusiwa, wala hatukufikiri kuna wa kuulizwa. Ni taa. Nani anaomba ruhusa ya kuwasha taa kwake?

Usiku wa kwanza hapakuwa na mwezi. Tuliwasha saa mbili, tukachinja jogoo, tukapiga picha. Mwanga ulikwenda mbali mpaka tukashangilia. Sikujua wakati ule hesabu ambayo leo namwambia kila mtu: ukisimama kwenye kimo cha mita tisa, upeo wa macho uko karibu kilomita kumi mbele yako. Maana yake taa iliyo kwenye kimo hicho inaonekana na mtu aliye chini kabisa kwenye maji kwa umbali huohuo. Tuliona mataa madogo mengi ziwani, shemeji akasema ni mazuri kama mji. Walikuwa wavuvi wa dagaa. Usiku wa giza ndio usiku wao, wanawasha taa kuwavuta samaki.

Saa tisa usiku ukaamka upepo wa mwera. Sisi tulikuwa tumelala. Taa haikulala.

Asubuhi, saa kumi na mbili, hodi. Nikashuka. Mzee mmoja, suruali imelowa mpaka kiunoni, vijana wawili nyuma yake, mmoja ameshikilia mkono wake wa kushoto kama mtu aliyebeba mtoto. "Mugonile," mzee akasalimu kwa Kinyakyusa. Nikaitikia. Akaangalia juu, akauliza, "Ile taa ni ya nani?"

Nami, Mungu anisamehe, nilijibu kwa majivuno. "Ni yetu, tata."

Hakupandisha sauti. Aliniambia tu nivae viatu nimfuate.

Hatua mia mbili hivi kutoka mlangoni kwetu, kati ya mawe mawili, mtumbwi wao ulikuwa umepasuka kuanzia mbele mpaka katikati. Wavu haupo. Betri na taa zao hazipo. Makasia mawili yalikuwa yanagongana kwenye maji, tok, tok, kama mtu anayebisha. Kijana mmoja alikuwa amevunjika mkono akijaribu kuukinga mtumbwi na jiwe.

Pale mwaloni, umbali wa kama kilomita moja na nusu magharibi, kuna kibanda cha mama anayeuza chai. Huacha taa yake inawaka usiku kucha. Miaka yote wavuvi wakirudi, hasa upepo ukichafuka, hupiga kasia kuielekea ile taa, kwa sababu mbele yake ni mchanga mtupu. Mzee alinieleza hivi: "Usiku sikuona mnara, niliona taa. Taa ya nyumbani ni moja. Jana zilikuwa mbili, na ya kwenu ilikuwa kubwa."

Nilikumbuka chemli ya Isyonje, na kwa nini tulikatazwa kuigusa.

Tulilipa mtumbwi, tukalipa wavu, tukampeleka kijana hospitali na kukaa naye. Fedha za samani ziliishia hapo, ndiyo maana mpaka leo wageni wetu wanakalia vigoda. Serikali ya kijiji ilituita, na walichosema hakikuwa kirefu.

Ndipo nilipoanza kusoma nilichopaswa kusoma kabla ya kununua tofali la kwanza. Mnara wa taa si taa ndefu. Kila mnara wa kweli una mwako wake: huu unamulika mara moja kila sekunde kumi, ule mara mbili kisha kimya, mwingine mwekundu upande wa miamba na mweupe upande salama. Mwako huo umeandikwa kwenye ramani za baharini na kwenye vitabu vya orodha ya taa, na nahodha anahesabu sekunde kabla hajageuza usukani. Ule wa Minot's Ledge, Massachusetts, tangu 1894 unamulika moja, kisha nne, kisha tatu, na wapenzi wamehesabu hizo kuwa idadi ya herufi za "I love you", yaani "nakupenda" kwa Kiingereza. Ni tamu, ila nahodha anachosoma pale ni kwamba huu ni Minot's Ledge, si mwingine, na miamba iko hapa. Taa ya majini ni jina. Sisi tulikuwa tumewasha jina la uongo juu ya mawe.

Kwa hiyo sikiliza, na hapa sibembelezi. Kabla ya kufunga taa yoyote inayoonekana kutoka majini, nenda kwa wavuvi wenyewe, siyo kwa mwenyekiti pekee, ukaulize usiku wanaelekeza wapi. Nenda ofisi ya bandari iliyo karibu na wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini, wakwambie kama taa hiyo inakubalika. Wakisema hapana, ni hapana. Panda mtumbwi usiku na mtu anayejua, uende mbali, ugeuke, uone mwenyewe mnara wako unasema nini. Sisi tungefanya hilo moja tu, kwa elfu chache za kumlipa mpiga kasia, tungeona kwamba taa yetu ilikaribia kuimeza ya mama wa chai.

Sasa hivi kule juu kuna kioo, kuna lenzi ndogo ya plastiki kwa ajili ya kuwaonyesha watoto mchana, na balbu haipo. Ngazi ina vitaa vidogo vya njano vilivyofunikwa upande wa ziwa. Mzee yule huja siku za mnada wa vyungu vya Wakisi, anapanda mpaka juu, anapapasa pale balbu ilipokuwa, anashuka anakunywa chai. Hajawahi kusema anakagua.

Mengineyo ni ya kawaida. Wadudu wa ziwani, kungu, wanapanda juu ya maji kama moshi na wanafuata mwanga. Wapo wanaowapika, lakini ukifungua dirisha ukiwa na taa utawameza bila kutaka. Chandarua lazima. Weka vishikio pande zote mbili za ngazi, maana mgeni aliyekunywa hashuki ngazi ya mzunguko kama alivyoipanda. Mtoto asiachwe juu peke yake. Usiogelee karibu na mdomo wa mto Lufilyo hata wakikuambia mamba wamehama. Boti ya kukodi, angalia maboya kabla hujaangalia bei. Upepo wa mchana usiudharau. Radi nayo: mnara ndio kitu kirefu kuliko vyote ufukweni, funga waya wa kuishusha ardhini, na fundi akikuambia si lazima, tafuta fundi mwingine. Na mkija kututembelea, kila mtu aje na tochi yake ya mkononi, aimulike chini miguuni.