Usingizi wa saa nne asubuhi

Kama kila ikifika saa nne au saa tano unasinzia kazini na kila anayekusemesha anakukera, angalia ulikunywa chai na nini. Chai ya vijiko vinne vya sukari na maandazi matatu ya unga mweupe hupandisha sukari ya damu haraka, kisha inashuka, na wewe unashuka nayo. Huwezi kuacha maandazi? Mimi nimeshindwa. Basi kula moja, uongeze yai la kuchemsha au kibakuli cha maharage ya jana. Protini na nyuzinyuzi huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Sukari ya chai punguza kijiko kimoja kila wiki, ulimi utazoea. Maharage yenyewe yakiwa ya nazi, usimwachie mtu.