Namna ya kuona na kupima mng'ao wa vifaa vya vyombo vya angani, kwa TV ya chogo na tochi ya noti

Silika (kitu kinachounda kioo), gundi ya epoksi na nyuzi za kioo ni vifaa vya vyombo vya angani, na vikipigwa na elektroni huko angani hutoa mwanga wao wenyewe. Ni hafifu sana. Lakini darubini ya James Webb, iliyo kilometa milioni 1.5 kutoka duniani, huwinda nuru hafifu mno, na vioo vyake vilivyopakwa dhahabu vina utando mwembamba wa silika juu yake, hivyo mng'ao huo unaweza kuchanganyika na nuru inayoitafuta. Ninafundisha fizikia sekondari hapa Tabora, na natamani kila mwanafunzi auone mng'ao wa namna hii kwa macho yake.

Anza na TV ya chogo. Ndani ya chupa yake hakuna hewa. Elektroni hurushwa kwa volti zipatazo 25,000 hadi kwenye fosfa, yaani unga unaong'aa ukipigwa na elektroni, uliopakwa nyuma ya kioo. Usiku, ziba madirisha kwa blanketi, washa TV, kisha kaa umefumba macho dakika kama 15. Mwenzako aizime, nawe ufumbue hapo hapo. Kwenye TV nyingi utaona kioo bado kinang'aa kidogo: ni elektroni zilizonaswa ndani ya fosfa zikishuka taratibu na kutoa mwanga. Usifungue chogo kamwe. Umeme mkali hubaki ndani hata plagi ikiwa imechomolewa.

Silika nayo hung'aa kwa njia hiyo, ila mitego yake ni kasoro katika mpangilio wa atomi. Kasoro ya upungufu wa oksijeni hutoa bluu, yenye urefu wa wimbi karibu na nanomita 460. Nyingine hutoa nyekundu, karibu na 650. Ndiyo maana rangi hukueleza kasoro iliyopo.

Sasa sampuli. Nyumbani hatuna bunduki ya elektroni ya kupiga gundi, kwa hiyo tumia tochi ya kukagulia noti. Kinachoamsha ni mwanga wa urujuanimno, lakini kushuka kwa elektroni kunafanana. Panga tone la epoksi iliyokauka, kipande cha bodi ya saketi na karatasi nyeupe juu ya kitambaa cheusi. Weka simu kwenye stendi, kamera iwe kwenye hali ya Pro (unayopanga mwenyewe), ISO (wepesi wa kupokea mwanga) 400, muda wa kupokea mwanga sekunde 4, na mizani ya rangi nyeupe (white balance) isijirekebishe yenyewe. Usibadilishe chochote kati ya picha na picha. Hapa ndipo vipimo vingi huharibika. Piga pia kitambaa kitupu, kisha punguza mwangaza wake kutoka kwenye mwangaza wa kila sampuli, kwa sababu tochi yenyewe huvujisha zambarau. Usiitazame tochi moja kwa moja.

Vingi vya vioo vya Webb viko chini ya nyuzi -220 za Selsiasi, na mng'ao hubadilika joto linapobadilika. Basi rudia na epoksi iliyotoka kwenye friza. Futa umande kwanza, la sivyo matone yatatawanya mwanga na utakuwa umepima maji.