Picha, nyimbo na video za familia: namna ninavyozitafuta ndani ya kompyuta

Nina steshenari Ngamiani, hapa Tanga. Watu huja kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti, lakini wapo wanaoingia wamebeba kompyuta ya nyumbani, wanasalimia, wanakaa, kisha wanasema, "Kijana, picha zetu zimepotea." Nawaambia ukweli ninaouona kila mara: faili nyingi zinazodhaniwa zimepotea zimo humo humo, ila zimekaa mahali ambapo mwenyewe hajawahi kupafungua. Kuzitafuta unaweza ukiwa kwako, bila kulipa mtu.

Usianze kwa kufungua folda moja moja. Kompyuta iliyopita mikononi mwa baba, watoto na wapwa waliokuja likizo ina folda zisizohesabika. Ukichoka utaanza kufuta na kuhamisha vitu ili upate pa kuona, na hapo ndipo watu hupata hasara ya kweli. Siku ya kutafuta, usifute kitu wala usihamishe kitu.

Bonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi E. Upande wa kushoto bofya "This PC", maana unataka diski zote, siyo folda moja. Juu kulia kuna kisanduku cha kutafutia. Andika kind:picture pasipo kuacha nafasi, kisha bonyeza Enter. Kwa nyimbo ni kind:music, kwa video kind:video. Halafu uwe na subira. Kuna sehemu ambazo kompyuta haijaziorodhesha, hizo inazipitia faili kwa faili, na kwenye diski kuukuu unaweza kunywa chai ukaimaliza.

Zitakuja picha nyingi usizozijua, vialama na mapambo ya programu. Zipunguze kwa ukubwa: kind:picture size:>500KB. Picha zilizopigwa kwa kamera au simu nzuri zitabaki. Lakini zile zilizopitia WhatsApp hubanwa zikawa ndogo, kwa hiyo kipimo hicho kinaweza kuzificha. Hizo nazitafuta kwa jina. Kwenye simu za Android, WhatsApp huzipa picha majina yenye tarehe ndani yake, mfano IMG-20190605-WA0012: mwaka, mwezi, siku. Idi ya Fitri ya 2019 iliangukia mwanzoni mwa Juni. Basi ukiandika IMG-201906* utaletewa picha za mwezi ule wote, pamoja na za watoto waliovalishwa nguo mpya. Video huanza na VID, na sauti zilizorekodiwa huanza na PTT, mwisho wake ni .opus. Hizi za sauti nawaomba watu wazitafute peke yake, kwa kuandika *.opus, kwa sababu si lazima zitokee kwenye orodha ya nyimbo. Mzazi akishafariki, sauti yake akisema "umefika salama?" inaweza kuwa imo katika faili kama hiyo, na hakuna aliyeikumbuka.

Kuhusu tarehe: faili ikinakiliwa kutoka flashi kwenda kwenye kompyuta, tarehe ya "Date created" hubadilika ikawa ya siku ya kunakili, lakini "Date modified" kwa kawaida hubaki ya zamani. Panga kwa hiyo ya pili.

Video za harusi ndizo zinazowasumbua wengi, na hapa nitakaa kidogo. Mama mmoja wa Makorora alileta kompyuta yake imefungwa kwenye kanga. "Mwanangu," akasema, "harusi ya binti yangu imo humu, kijana aliitia mbele ya macho yangu." Ametafuta jina la binti, ametafuta neno harusi, hakuna. Nilijua haiwezi kupatikana kwa jina. Wapiga video wetu kwa miaka mingi walitoa kazi kwenye diski za DVD, na DVD ikinakiliwa inatoa folda iitwayo VIDEO_TS yenye faili za VTS_01_1.VOB, VTS_01_2.VOB na kuendelea, kila moja isizidi GB 1. Jina la bibi harusi halimo popote. Niliandika *.vob, zikatoka kwenye folda iliyoitwa "New folder (3)". Nikafungua ya kwanza kwa programu ya VLC: wanawake wanaingia uani na masinia kichwani, na mama yule akaanza kuwataja mmoja mmoja, aliye hai na aliyetangulia.

Kama shughuli ni ya zamani zaidi, enzi za VCD, andika AVSEQ*. Video ya VCD hukaa kwenye folda ya MPEGAV kwa jina kama AVSEQ01.DAT, na kompyuta haiitambui kuwa ni video kwa sababu ya huo mwisho wa .DAT. VLC inaifungua. Mtu asikwambie imeharibika kabla hujaijaribu huko. Na kama hukumbuki aina yoyote, andika size:>500MB peke yake. Vitu vikubwa kiasi hicho nyumbani kwa kawaida ni video.

Nyimbo ni rahisi zaidi, ila majina yake ndiyo tabu. Huu ni mji wa vikundi vya muziki vya Black Star, Lucky Star na Atomic Jazz, na nyumba nyingi zina taarabu na dansi za zamani zilizonakiliwa kutoka kwenye CD. Kama zilinakiliwa kwa Windows Media Player bila intaneti, usitafute jina la mwimbaji. Tafuta Unknown, zitakuwa kwenye folda ya "Unknown artist", nyimbo zimeandikwa Track 1, Track 2. Zisikilize, uzipe majina yake ukiwa na mzee anayezijua.

Sasa flashi. Umeichomeka, folda zako zimekuwa njia za mkato (shortcut) na hazifunguki. Hicho ni kirusi. Amezificha, na mara nyingi hajazifuta. Usiifomati, na usibofye zile njia za mkato. Ichunguze kwanza kwa programu ya kuzuia virusi. Kisha tazama flashi imepewa herufi gani, tuseme E, fungua dirisha la amri kwa kuandika cmd kwenye menyu ya kuanzia, uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Ikimaliza, folda zako zitaonekana tena. Wakati mwingine zote zimewekwa ndani ya folda moja isiyo na jina, ifungue hiyo.

Bado hujapata? Angalia C, kisha Users. Kila aliyefunguliwa akaunti ana folda yake ya picha, na huenda mtoto aliyeko chuo aliacha zake humo. Kama fundi alibadilisha Windows karibuni, tafuta upesi folda ya Windows.old, ndimo hubaki faili za Windows ya awali. Ikiwa ilikuwa ni kupandisha toleo tu, kompyuta huiondoa yenyewe baada ya siku 10. Tazama pia Recycle Bin, pipa la vitu vilivyofutwa. Kama kweli zilifutwa, acha kuitumia diski hiyo mara moja, usipakie hata wimbo mmoja, maana kipya huandikwa juu ya cha zamani. Programu ya bure iitwayo PhotoRec inaweza kuzirudisha, lakini zihifadhi kwenye diski nyingine, siyo hiyo hiyo.

Ukishazikusanya, nakili, usikate, uzipeleke kwenye diski ya nje. Majina ya folda yaanze na mwaka, mwezi, ndipo shughuli: 2019-06 Idi Pangani, 2021-12 Harusi Chumbageni. Kompyuta itazipanga yenyewe kwa mfuatano. Nakala ya pili ikae kwa ndugu, nyumba nyingine, na kila baada ya mwaka uichomeke uone kama bado inasoma.