Somo: Kuandaa kitabu cha nota za kwaya cha Renesansi, yaani cha Ulaya ya karne ya 15 na 16 (soma lote ndipo uulize)

Swali ni lilelile kila mara: mbona sauti za wimbo hazikupangwa moja juu ya nyingine, pigo kwa pigo, kama skoo (nota za sauti zote pamoja)? Haya, twende.

1. Jua nani ataimba. Kwaya ya kanisani husimama mbele ya kitabu kimoja kikubwa. Eton Choirbook, kitabu cha kwaya cha Chuo cha Eton, Uingereza, cha mnamo 1500, kina kurasa za karibu sm 60 kwa 43. Waimbaji wa mezani hupewa vitabu vidogo, kila sauti chake.

2. Andika kwenye ngozi kwa kitabu cha zawadi, kwenye karatasi kwa kazi ya kila siku.

3. Chora safu za mistari mitano ya nota kwa rastramu, kalamu ya ncha tano. Ncha ikipinda, kosa linajirudia kitabu kizima.

4. Gawa kurasa. Hapa ndipo watu huharibu. Kushoto juu ni sauti ya kwanza (soprano), chini yake teno (sauti ya juu ya wanaume). Kulia juu alto, chini yake besi. Zote nne lazima zifike mwisho wa kurasa hizo mbili kwa pamoja, maana ukurasa ukifunuliwa umefunuliwa kwa wote. Teno akiwa na nota ndefu, safu mbili za mistari zinamtosha pale soprano anapokula tano. Kwa hiyo usihesabu nota, hesabu mapigo. Tafuta kituo kinachofaa sauti zote, kitie alama kwenye rasimu ya kila sauti, ndipo ushike kalamu. Usithubutu kunakili sauti moja hadi mwisho wa wimbo kabla ya kugawa.

5. Nota, maneno, kisha mchoraji. Nafasi ya herufi kubwa ya mwanzo iachwe tangu hatua ya 3.

MASWALI

— Si ungeweka tu sauti zote pamoja kama skoo ya siku hizi?
Rudi hatua ya 4. Teno angejaza ngozi kwa nafasi tupu, na ngozi ni ghali.

— Upande wa teno umebaki na mistari mitupu. Niijaze?
Iache. Vitabu vya zamani vimejaa mistari mitupu.

— Wino wangu unatoboa karatasi, hasa kwenye nota nyeusi. Kwa nini?
Swali zuri. Wino huo ni wa vinundu vya mwaloni, salfeti ya chuma na gamu ya Arabu. Salfeti ikizidi, wino unakula karatasi, na palipojazwa wino mwingi ndipo panapoanza kutoboka. Punguza salfeti, na andika nota za kichwa kitupu, zilizoenea karne ya 15.

— Vile vitabu vidogo vya mezani vina hatari gani?
Kimoja kikipotea, wimbo umebaki kiwete. Viwekwe kasha moja.

— Nitajuaje kitabu kilikuwa zawadi?
Tazama nembo za ukoo pambizoni. Karakana ya Petrus Alamire, mnakili wa nota, iliandaa vya namna hiyo kwa Frederick, mtawala wa Saxony huko Ujerumani. Vipo mjini Jena, Ujerumani, hadi leo.