Somo: Ya nani, iko kwa nani, iko wapi? Kuunda klasi za mali kwenye programu ya biashara

Wakuu, leo naanza na kosa langu mwenyewe. Niliandika programu ya bwana mmoja wa Dar es Salaam anayekodisha maturubai, viti, spika na jenereta za sherehe. Klasi (kiolezo ambacho programu hutumia kuunda vitu vya aina moja) ya Mali niliipa sifa mbili nilizodhani zinatosha: mmiliki na mahali. Jenereta ikihama, karani anafuta "Tegeta", anaandika "Mbagala". Tuliendelea hivyo mpaka jenereta moja ilipokutwa yadi imeungua, na bosi akauliza: "Jumamosi ile ilikuwa kwa nani?" Programu ilibaki bubu. Ilijua ya leo tu. Ya Jumamosi tulishaifuta.

Hatua ya 1: Tenganisha maswali matatu

Chukua bodaboda ya mkataba. Kadi ina jina la tajiri. Dereva ndiye anayelala nayo, anapeleka hesabu, na mkataba ukiisha kadi inabadilishwa jina. Saa hii imeegeshwa kijiweni. Ya nani? Iko kwa nani? Iko wapi? Majibu ni matatu na kila moja hubadilika kwa wakati wake: kijiwe mara kumi kwa siku, dereva labda mara moja kwa mwaka, jina la kadi mara moja tu.

Hatua ya 2: Mmiliki asiwe klasi

Tengeneza klasi ya Mhusika, na chini yake Mtu, Kampuni na Kikundi (vikoba navyo hununua mali). Usitengeneze klasi ya Mmiliki na nyingine ya Mteja. Tulikuwa na mteja aliyekodi maturubai yetu huku sisi tukikodi spika zake. Kwenye toleo la kwanza aliandikwa mara mbili, kwa namba mbili za simu, na deni lake halikukutana na malipo yake.

Hatua ya 3: Uhusiano wenyewe uwe kitu

Hapa ndipo penye somo lote. Toa sifa za mmiliki na mahali ndani ya Mali, kisha uunde klasi tatu:

Umiliki: mali, mhusika, ainaYaHaki, sehemu, tangu, hadi
Makabidhiano: mali, mhusika, hali, tangu, hadi
Uwepo: mali, mahali, tangu, hadi, iliandikwaLini

"hadi" ikiwa tupu, jambo bado linaendelea. Mali ikihama, rekodi ya zamani inafungwa na mpya inafunguliwa, hakuna kinachofutwa. Kubalianeni mapema kwamba saa ya "tangu" imo kwenye rekodi na saa ya "hadi" haimo, la sivyo jenereta itaonekana iko sehemu mbili saa sita kamili.

Kuhusu iliandikwaLini: dereva alihamisha jenereta Jumamosi usiku, karani akaandika Jumatatu asubuhi. Ripoti iliyochapwa Jumapili ilisema iko Tegeta, ya Jumatatu inasema tangu Jumamosi ilikuwa Mbagala. Bila tarehe ya pili, bosi ataamini kuna mtu kachezea hesabu. Kwa hiyo weka zote mbili: lini lilitokea, na lini tulilijua.

Sehemu ya umiliki usiiweke kwa asilimia. Ndugu watatu wakirithi lori, 33.33 mara tatu ni 99.99, na programu itagoma kuuza. Hifadhi namba mbili nzima, 1 na 3, yaani moja ya tatu.

Hatua ya 4: Ipo, iko, imo

Kiswahili kimeshatufanyia kazi hii. Spika *ipo* rafu ya 4: mahali mahususi. Spika *iko* Mwanza: tunajua eneo tu. Spika *imo* ndani ya gari: mahali pake ni mali nyingine. Klasi ya Mahali ibebe hali zote tatu. Iwe na mzazi (rafu, ghala, yadi, mji) kwa kina chochote, na iruhusu mali kuwa mahali pa mali. Gari likihama, hugusi rekodi za spika. Ukiuliza spika iko wapi, programu inauliza gari. Zuia tu mzunguko: kontena likiwa juu ya lori, lori lisiruhusiwe kuingia kwenye kontena hilo hilo.

Hatua ya 5: Funga milango

Msimbo wa nje usiguse "hadi" moja kwa moja. Mali itoe vitendo vitatu, kabidhi(), hamisha() na uza(), na ukaguzi wote ukae humo.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Nairobi:* Mwalimu, huku gari la mkopo husajiliwa kwa majina mawili, benki na mnunuzi. Niandike nusu kwa nusu?

*Jibu:* Hapana, ndugu yangu. Ndiyo kazi ya ainaYaHaki. Mnunuzi ana "umiliki" wa sehemu nzima, benki ina "dhamana". Jumla ya sehemu inakaguliwa kwenye umiliki pekee. Deni likiisha unafunga rekodi ya dhamana. Kiwanja cha Tanzania nacho kina aina yake: kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na mwenye hati ana haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. "hadi" yake unaijua tangu siku ya kwanza.

*Mwanachama, Arusha:* Mhasibu wetu anataka hata magari tuliyokodi yaonekane kwenye mizania (taarifa ya mali na madeni ya kampuni). Si ya kwetu!

*Jibu:* Yuko sahihi, mama. Kwa kiwango cha kimataifa cha uhasibu cha IFRS 16, kilichoanza kutumika Januari 1, 2019, mkodishwaji huandika haki ya kutumia kama mali yake, ingawa mikataba isiyozidi miezi 12 na vitu vya thamani ndogo vinaweza kuachwa. Ongeza aina "haki ya kutumia". Ripoti ya mizania isome aina hiyo, isiulize "ya nani" peke yake.

*Mwanachama, Zanzibar:* Na viti je? Nina 400, vyote sawa. Kila kimoja kiwe kitu?

*Jibu:* Utajichosha bure, mkuu. Tengeneza klasi ya Fungu na uandike mienendo: viti 150 kutoka ghalani kwenda kwa mteja fulani, 148 vikarudi. Idadi iliyopo mahali ni jumla ya mienendo, usiihifadhi peke yake. Viwili visivyorudi usivipunguze kimyakimya. Vipeleke mahali paitwapo "Vimepotea", na kila mwendo uwe na jina la aliyekabidhiwa. Bosi wangu alipofungua mahali hapo mara ya kwanza alikuta viti 31, na 19 kati yake vilikuwa kwa shemeji yake.